Oili Isiyopungua

Wifi yangu hawezi kupita penye kitu kikavu akakiacha. Mpeleke harusini: kabla hajamwona bibi harusi ameshachomeka kidole kwenye udongo wa ua la mlangoni, amekunja uso, na anauliza bomba liko wapi. Siku moja tulikwenda hospitali kumwona jirani aliyefanyiwa upasuaji. Jirani alilala pale anatukodolea macho, huku mgeni wake akizunguka korido nzima kumwagia maua kwa kikombe cha kunywea dawa. Mimi nilishaacha kuona haya. Ni mke wa kaka yangu, anaotesha na kuuza miche, na mtaa mzima unamwita Mama Miche, hata wale ambao hawajawahi kununua kwake jani moja.

Bustani yenyewe iko nyuma ya nyumba. Unapita jikoni, unasukuma mlango wa bati, na ukikanyaga mpira wa maji ujue umefika. Miche imepangwa safu kwa safu chini ya neti nyeusi ya kivuli: miparachichi, milimau, mipera, mawaridi, na majani ya mapambo ambayo majina yake anayajua yeye na Mungu wake. Vyungu hanunui. Kwake chochote kinachoshika udongo ni chungu: ndoo iliyopasuka, sufuria iliyotoboka, buti la mvua la kaka yangu ambalo mwenzake lilipotea. Na juu ya ule mlango wa bati ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe, herufi zinapanda na kushuka: UKIKUTA KIKAVU, MWAGIA.

Maneno hayo yana asili yake. Alipoolewa alikuja na sanduku moja na mlimau mdogo kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikulia kwa ndugu, nyumba ambayo kila mtu alijitazama mwenyewe, na ule mlimau ndio pekee uliokuwa wake tangu mbegu. Mimba ya kwanza ikamlaza kitandani, hawezi kunyanyua hata kichwa. Alichokuwa akililia si kichefuchefu, ni kwamba mlimau wake utakauka. Lakini kila asubuhi akichungulia dirishani anakuta udongo wa kopo umelowa. Hakuna aliyesema kitu. Alipopata nafuu alimwambia kila aliyekuja kumwona kwamba Mungu amempa mume, na kopo la rangi lilipopatikana, ndipo akaandika pale mlangoni.

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile, na nyingine sijawahi kuiona ikifuatwa. Hakuna kuuliza, hakuna zamu, hakuna kutoa taarifa. Anayepita akaona udongo umepauka anachukua maji, anamwagia, anaendelea na safari yake. Kaka yangu hufanya hivyo asubuhi, tai iko shingoni, kabla ya kwenda kufundisha hesabu sekondari. Tunamwita Mwalimu, na mkewe pia anamwita hivyo, hata wakigombana. Mama yetu mzazi, anayeishi nao, hutumia birika la chai kwa sababu ndoo inamlemea. Watoto nao hufanya hivyo wakirudi likizo kutoka shule ya bweni. Halafu kuna Koti, mfanyakazi wa bustani wa siku nyingi, ambaye jina lake limemezwa na koti analovaa jua liwake mvua inyeshe. Mimi nakaa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo na nauza kwenye duka la dawa mtaa wa pili. Kwa hiyo ya pale nayaona, na nisiyoyaona nayasikia.

Kwa miaka mingi miche ilikwenda kwa wateja kwa mkokoteni. Koti anavuta, wifi anasukuma, na wakifika mlimani wanaanza kulaumiana. Mgongo wa wifi ukaanza kumsumbua, magoti ya Koti nayo yakawa yanalia kila akichuchumaa. Wifi akaweka akiba kimyakimya, mpaka siku moja akarudi nyumbani anaendesha gari la juu, la kijivu, lililotumika lakini limeng'arishwa, lenye viti vya nyuma vinavyolazwa chini hadi mche mrefu unasimama bila kuinama. Siku hiyohiyo tulilipa jina: Bwana Mkubwa. Alilinunua kwenye yadi ya magari kando ya barabara kuu, na pamoja na ufunguo akapewa waranti. Ndani ya mwaka mmoja, injini ikiwa na kasoro, yadi inatengeneza kwa gharama yake.

Basi maisha yakanyooka. Wateja wa mbali wakaanza kupiga simu. Shule mpya iliyokuwa inajengwa upande wa pili wa mji ikamwagiza miti ya kivuli ya uwanja mzima, awe anapeleka kidogo kidogo. Koti akawa anakaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa juu ya koti, anawapungia watu mkono kana kwamba anagombea ubunge. Mkokoteni ukajazwa udongo, ukawa kitalu cha mawaridi.

Halafu Bwana Mkubwa akaanza kunywa. Asubuhi likiwashwa lilitoa moshi wa rangi ya buluu uliotuingia mpaka vyumbani. Siku moja, katikati ya mlima, limejaa miparachichi, taa nyekundu ya oili ikawaka. Wifi akazima injini, akafungua boneti, akavuta kile kijiti cha kupimia. Kikatoka kikavu. Koti akatumwa mbio kununua oili, na waliporudi nyumbani wifi alisimama kwenye mlango wa bati akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Jamani, gari hili lina kiu. Oili inaisha kabla ya wakati wake." Akasema hivyo, akaenda kuosha mikono. Katika nyumba nyingine yoyote hayo yangekuwa malalamiko tu.

Kesho yake akaenda yadi. Ofisi yao ina vioo pande zote, mashine ya maji ya baridi, na ua kubwa la majani mapana kwenye kona. Wifi akachomeka kidole kwenye chungu kabla hajakaa, akakuta ni plastiki. Aliniambia baadaye kwamba hapo hapo moyo wake ulishuka. Meneja ni kijana nadhifu, viatu vyenye ncha, maneno yake yamepakwa asali.

"Mama, gari likishatumika halikosi kula oili kidogo. Yote yako hivyo."

"Kidogo nakijua. Hili halili, linakunywa."

Meneja akamwita fundi mkuu, mtu wa makamo mwenye ovaroli iliyopauka magotini. Fundi hakuzunguka. "Waranti inasema hivi: likimaliza zaidi ya lita moja ndani ya kilomita elfu, injini inafunguliwa. Tunajaza mpaka alama ya juu. Unatembea kilomita elfu, unarudi, tunapima. Hakuna ubishi hapo."

Jioni tukiwa mezani wifi akatueleza. "Wanalipima gari. Nikirudi wataangalia oili ikoje."

Mwalimu akaacha kutafuna. "Kwa hiyo ni mtihani?"

"Eh, ni mtihani."

Mama akaguna, akavuta bakuli lake karibu. Koti, aliyekuwa amesimama mlangoni anaaga, akaitikia kwa kichwa. Chakula kikaendelea.

Kilomita elfu zikaisha, wifi akarudi yadi kifua mbele. Fundi akavuta kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imesimama palepale kwenye alama ya juu. Wifi akasema haiwezekani, fundi akasema kijiti hakina upande wowote, Meneja akatabasamu. Wakakubaliana ijaribiwe tena. Mara ya pili nilikwenda naye, nikiwa nimeomba ruhusa kazini, kwa sababu nilishaona mtu wangu anataka shahidi. Fundi akavuta kijiti. Palepale, tena safari hii ilikuwa imepita alama kidogo.

Meneja akatukaribisha ndani, akatupa maji ya baridi. "Mama, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Lakini kuna wateja wengine, sisemi wewe, waranti ikikaribia kuisha wanatamani injini mpya kwenye gari kuukuu. Unanielewa?"

Wifi aliweka glasi chini taratibu, akasimama, akatoka. Mimi ndiye niliyebaki kidogo, nikamwambia kijana yule maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha nikamfuata. Nilimkuta ameshika usukani, injini haijawashwa.

"Wifi," aliniambia, "nimeitwa mwongo mbele ya ua la plastiki."

Nilitaka kucheka, lakini sura yake haikuniruhusu. Akanieleza yaliyokuwa yakimkosesha raha. Waranti ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi ule ule. Ikishaisha, injini inakuwa mzigo wake peke yake, na hauwezi. Atauza gari kwa bei ya kutupa, shule itatafuta muuza miche mwingine, na yeye na Koti watang'oa mawaridi kwenye mkokoteni waanze tena kulaumiana mlimani. Alisema yote hayo bila machozi, na mimi ndiye niliyetafuta leso.

Nyumbani tuliwakuta watu wote jikoni. Mwalimu anamenya viazi, mama amekaa na birika lake, Koti anakunywa chai wima kama kawaida yake. Wifi akatupa ufunguo mezani.

"Oili haikupungua. Mara mbili! Moshi umejaa nyumba nzima, na oili haipungui! Wananiona tapeli."

Mwalimu akaweka kisu chini. Uso wake ulikuwa umejaa fahari, hilo nitaapa popote. "Ingepunguaje," alisema, "na mimi nipo?"

Wifi akamgeukia.

"Umesemaje?"

"Kila asubuhi kabla ya kwenda shule naangalia. Nikikuta imeshuka, naongeza. Si ulisema ni mtihani? Nilitaka lifaulu."

"Kumbe asubuhi ni wewe?" Mama aligeuka kumtazama mwanawe. "Ndiyo maana! Mimi huenda jioni. Namwita yule dereva wa jirani anifungulie boneti, namimina mwenyewe. Huwezi kupeleka mtoto kukaguliwa midomo imemkauka."

Wifi akageuza kichwa polepole mpaka kwa Koti. "Na wewe?"

"Mimi ni mchana tu," alisema Koti kwa unyenyekevu.

Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Wote walinunua duka moja la vipuri pale kona, kila mmoja akifika anasema, "Nipe ile ya Bwana Mkubwa," na muuza vipuri, tulikuja kujua baadaye, alidhani wifi amefungua kampuni ya malori. Mimi sikuwemo katika ushirika huo, kwa sababu moja tu: boneti la gari sijui linafunguliwa wapi.

"Lilitakiwa lifeli!" Wifi alipiga meza, viazi vikaruka. "Mwalimu! Gari lilitakiwa lifeli!"

"Sasa mtihani gani huo mtu anaotakiwa kufeli?"

"Mbona hamkusema? Watu watatu! Hakuna hata mmoja wa kufungua mdomo?"

"Tuseme nini?" Mama aliuliza, na aliuliza kwa dhati. "Wewe ukimwagia mpera huwa unatuambia?"

Macho ya wifi yakapanda mpaka kwenye mlango wa bati uliokuwa wazi, kwenye yale maandishi meupe. Nilimwona anapambana na hasira yake, na hasira ikashindwa. Alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akajipaka udongo usoni akifuta machozi. Niliwapenda watu wale wakati ule, nikatamani pia kuwagonganisha vichwa.

Alipotulia akauliza, "Galoni tupu mlitupa wapi?"

Koti akamtazama kwa mshangao. "Tutupe? Si unazipanda kila siku?"

Tukatoka wote nje. Kweli, kwenye safu ya mwisho, chini ya neti, galoni za oili zilikuwa zimejipanga, zimekatwa juu, zimetobolewa chini, na kila moja ina ua lake la mapambo. Wifi hapandi cha kuliwa kwenye kilichobeba oili. Alizikata mwenyewe, kwa mkono wake. Alikuwa akizikuta karibu na pipa, akadhani Koti ameziokota gereji kama anavyookota kila kitu. Nembo zilikuwa bado zinang'aa, maana wifi hana muda wa kubandua makaratasi.

Asubuhi iliyofuata tulijazana kwenye Bwana Mkubwa: wifi, mimi, mama ambaye alikataa katakata kuachwa, na galoni zote na maua yake. Tulizishusha moja moja, tukazipanga kwenye sakafu inayong'aa ya ofisi ya Meneja mpaka akakosa pa kupita. Wifi akamweleza yote, tangu mtihani mpaka galoni. Hakuficha hata pale palipomfanya aonekane mjinga.

Meneja alisikiliza, akaacha kutabasamu, na hapo akawa hatari zaidi. "Mama, sasa umeniongezea tatizo. Waranti inataka oili ya aina moja tu. Kama watu watatu wamekuwa wakimimina kila mtu ya kwake, nitajuaje kwamba si nyinyi mlioharibu injini?"

Ni fundi mkuu aliyeinama, akasogeza majani ya ua la kwanza, akasoma nembo. Akasogea la pili, la tatu, akaenda hivyo mpaka mwisho wa safu, magoti yakipiga kelele.

"Ni ileile," alisema akinyoosha mgongo. "Zote. Tena ndiyo tunayoweka sisi."

"Ya Bwana Mkubwa," mama alimfafanulia, maana aliona jibu halijakamilika.

Meneja alijikuna kidevu. "Galoni si injini, lakini."

"Sawa," alisema wifi. "Basi pima tena. Safari hii weka kufuli. Funga mahali pote panapoingia oili, uweke alama yako mwenyewe, uone kama kuna mkono wa mtu utakaogusa. Ukikataa hilo, utuambie unaogopa nini."

Alisema kwa upole kabisa. Meneja alimtazama fundi, fundi akatazama dari. Wakatoka nje. Fundi akajaza oili mpaka alama ya juu, akazungusha waya mwembamba kwenye mfuniko na kwenye kijiti, akabana ncha zake kwa lakiri ya risasi, kama wanavyofunga mita za umeme. "Taa ikiwaka, zima injini hapohapo unipigie," alimwambia wifi. "Usiseme nitafika tu pale mbele. Injini itakufia, na hapo waranti haitakusikia."

Sasa ndipo ikaja kazi yenyewe. Mwezi ulikuwa umebaki kidogo na kilomita zilikuwa nyingi, ikabidi Bwana Mkubwa apelekwe kila mahali. Mwalimu, ambaye shule yake iko karibu kiasi cha kusikia kengele akiwa kitandani, akawa anafikishwa kwa gari. Miti ya shule mpya ikapelekwa michache michache ili safari ziwe nyingi. Jumapili tulitembezwa sote nje ya mji, mama kiti cha mbele, madirisha wazi, hatuna tunakokwenda. Nakiri sijawahi kuufurahia mtihani kama ule.

Lakini nyumbani ilikuwa mateso. Kila gari likilala uani, watu watatu walikuwa wanajua ndani mle kuna kitu kinakauka, na hawaruhusiwi kukigusa. Mwalimu alikuwa anazunguka gari mikono nyuma, kama anasimamia chumba cha mtihani. Koti aliomba apangiwe kazi za mbali na uani. Mama aligeuza kiti chake akalipa gari mgongo, na bado kila baada ya muda alikuwa anauliza, "Halijasema kitu?" Wifi mwenyewe, ambaye ndiye aliyetoa amri, nilimkuta amesimama mbele ya boneti, kiganja amekilaza juu yake, anaongea peke yake. Aliponiona alijifanya anafuta vumbi.

Siku ya mwisho ya waranti kilomita zilikuwa hazijatimia. Tukaamua tutazimalizia njiani, tuzunguke upande wa mlima ndipo tuteremke yadi. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, Koti akavaa koti safi, mama akapanda na kikapu chake mapajani. Tulikuwa tunapanda mlima uleule, wifi anaendesha taratibu, wakati taa nyekundu ilipowaka.

Aliegesha, akazima injini. Wifi akatazama kibao cha kilomita, akafumba macho. "Hazijafika elfu," alisema. "Atasema sikumaliza. Atasema sikumaliza, na kesho hakuna waranti."

"Mpigie fundi," nikamwambia. "Alisema upige, piga."

Fundi alikuja kwa pikipiki, na nyuma yake, ameshikilia tai isipepee, Meneja mwenyewe. Tulisimama wote kando ya barabara. Fundi akakagua lakiri zake, akamwonyesha Meneja: zilikuwa nzima, hazijaguswa. Akazikata. Akavuta kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena, akakiinua juu mahali ambapo sote tuliona. Kilikuwa kikavu kikavu, kuanzia juu mpaka ncha.

"Kilomita elfu bado," alisema Meneja polepole, kama mtu anayejisomea.

"Waranti ilisema lita moja ndani ya elfu," alijibu fundi. "Hili limeshamaliza zaidi ya hiyo na elfu yenyewe hatujaiona. Unataka litembee mpaka lifie hapa?"

Meneja alitazama kijiti. Alitazama Mwalimu, Koti na mama, waliokuwa wamejipanga ukingoni mwa barabara kama ndugu wanaongoja majibu ya daktari. Sitamdhulumu: kijana yule alijua kukubali. "Mama," alimwambia wifi, "nilikukosea. Gari linaingia gereji leo, na nasaini leo."

Wifi alichukua kile kijiti mkononi mwa fundi, akakitazama kwa karibu, akakipitishia kidole. Uso wake wote ulifunguka. Nimemjua mwanamke huyu ujana wake wote, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifurahia kitu kikavu.

Ndipo mama akafunua kikapu. Juu palikuwa na kitenge kilichokunjwa, chini yake galoni ya oili, mpya, ile ya Bwana Mkubwa. Alikuwa ameibeba kila safari, tangu siku ya lakiri, na hakuna aliyejua.

"Sasa naweza?" alimuuliza fundi.

Fundi alicheka mpaka akaegemea gari. "Sasa unaweza, bibi. Tena mimina vizuri, tulifikishe yadi."

Mama akamimina kwa mikono miwili, hakudondosha hata tone, na Mwalimu akamshikia kiwiko.

Injini ilipofunguliwa walikuta ringi za pistoni zimechoka zote. Wakaweka mpya, wakabadilisha na vitu vingine ambavyo fundi alituonyesha tukaitikia kana kwamba tumeelewa. Moshi wa buluu ukaisha. Shule mpya ikapata miti yake yote, na mvua ikaikuta imeshashika ardhi. Kwenye kona ya ofisi ya Meneja, lile ua la plastiki limeondoka; pana ua la kweli kwenye galoni, zawadi ya wifi. Nasikia kijana analimwagia mwenyewe, maana anajua likikauka mtu fulani atakuja kulikuta.

Na wifi akachukua brashi, akapanda kwenye ndoo, akaongeza maneno mawili pale mlangoni, chini ya yale ya zamani: HALAFU SEMA.

Tangu siku ile nyumba haina utulivu. Koti akimwagia safu anatangaza safu. Mwalimu akijaza chumvi kwenye kichupa anatangaza chumvi. Mimi chumbani kwangu nasikia mpaka mambo ambayo wifi wa mtu hapaswi kuyasikia. Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai uani, gari limefunguliwa boneti, mama amekishika kijiti mwenyewe.

"Mkwe wangu!" alipaza sauti. "Nimeangalia! Iko palepale! Sijamimina kitu!"

"Asante, mama!" wifi aliitikia kutoka chini ya neti.

Mama akarudisha kijiti, akafuta mikono, akasimama kidogo akisoma maandishi ya mlangoni. "Na kama ni kusema," alisema, "basi ngoja niseme na la zamani. Ule mlimau wako wa kopo la maziwa, ulipokuwa umelala na mimba. Nilikuwa namwagia mimi."

Wifi alitoka chini ya neti. Miaka yote hiyo alikuwa amemhesabia Mwalimu mlimau ule, na Mwalimu, ninavyomjua kaka yangu, hakuwahi kukubali wala kukataa. Wifi alimtazama mumewe, ambaye ghafla alikumbuka kwamba amechelewa shule. Kisha akaenda kwa mama, akamkumbatia na mikono yake yenye udongo hivyohivyo, na mama akalalamika kwamba anamchafulia nguo, lakini hakujitoa.